Udongo Mwekundu Juu ya Dishi

Kakuma, ng'ambo ya laga ya Tarach
12 Januari 2025

Akoru mwanangu,

Ejok? Hujambo huko Lodwar na joto lenu? Mimi sijambo. Goti linauma asubuhi, likipata jua linanyamaza. Mbuzi wapo, ila yule mweupe mwenye pembe moja fisi amemla, na sikumlilia sana kwa sababu alikuwa mwizi wa unga. Kanisani wanakuulizia. Wanasema mshahara umekufanya usahau njia ya nyumbani.

Usishangae kupata karatasi. Nimempa Santino, dereva wa lori la mikate, akuletee mkononi. Simu ninayo, lakini unajua mnara wa simu wa huku umebaki pambo. Leo upo, kesho mafuta ya jenereta yamekwisha. Watu wote sasa wanaunga kwa Lokuruka, kwa lile dishi lake la setilaiti lililo juu ya duka. Maneno yangu mimi hayatapita juu ya paa la Lokuruka. Afadhali yapande lori.

Nina swali moja. Adome, yule kijana wa jirani, amerudi kutoka huko kwenu, na akanywa chai kwangu, akasema ofisini mwenu ni wewe unayefungua na kufunga madishi yote ambayo kampuni yenu imeuza Turkana hii. Anasema unakaa tu kwenye kiti, unabonyeza. Ni kweli? Na kama ni kweli, dishi la Lokuruka limo katika hayo?

Najua unajua kwa nini nauliza. Lakini wewe siku ile hukuwapo, na wazee walipokusimulia waliipunguza, kama watu wanaopunguza mzigo wa punda ili safari iishe. Mimi nitakuandikia ilivyokuwa.

Mto wetu huu wa mchanga, laga ya Tarach, ulikuwa umejaa. Mnara wa simu ulikuwa umekufa. Dada yako Nabei alikuwa anajifungua na damu haikatiki. Tulihitaji neno moja tu lifike hospitalini, ng'ambo ya maji, ili walete ambulensi na watu wa kamba. Nikakimbia kwa Lokuruka. Alikuwa amefunga mtandao wake kwa sababu vijana walikuwa wamepata namba yake ya siri na kuutumia bure. Alikuwa ndani, mlango wa mabati umefungwa, namsikia anakohoa. Nikamwambia Nabei anakufa. Akajibu kutoka humo humo: "Nyinyi mmezoea kuniibia bando. Mpaka mwizi atoke, hakuna network." Nikapiga mabati hadi mkono ukachubuka. Akasema, "Kesho, mama. Nimesema kesho."

Kesho yake nilimzika Nabei na mtoto wake. Ekidor mumewe akaswaga mifugo yake akarudi Kaaleng, na tangu hapo hajamsemesha mtu.

Lokuruka akatoa mbuzi, wazee wakachinja, wakapakana majani ya tumboni mwa mbuzi, wakasema yamekwisha. Kila mtu alipewa kipande, maana aliyekula nyama ile hawezi tena kumdhuru mwenzake. Nilikiweka changu shavuni. Kisha nikaenda nyuma ya boma nikakitema.

Kwa hiyo kwangu mimi hayajaisha. Nijibu.

Mama yako

*

Lodwar
20 Januari 2025

Mama yangu mpendwa,

Ejok-noi. Mimi ni mzima, isipokuwa joto. Feni ya ofisi inatupulizia moto tu. Pole na goti, na pole na mbuzi mwizi. Nimempa Santino majani ya chai na dawa ya kuchua. Usiache kuchua kwa sababu umepata nafuu ya siku mbili, nakujua.

Alichokuambia Adome ni kweli, ila ametia chumvi. Sifungi na kufungua kama Mungu. Nina kompyuta yenye ramani, na kila dishi tuliloweka lina nukta yake. Likiwa zima ni kijani, likiwa na shida ni nyekundu. Mteja asipotii masharti naweza kulisimamisha, na ni kweli ni kubonyeza tu. La Lokuruka limo. Huwa naliona kila asubuhi nikifungua mashine, kijani kibichi, limekaa hapo Kakuma kama halijafanya kitu.

Uliniuliza mwaka jana zile taa zilizopita angani zimefuatana kama punda wa kuhama. Ndizo hizo. Zamani setilaiti ilikuwa moja, mbali sana, neno likienda na kurudi umeshachoka kungoja. Hizi ni ndogo, ni maelfu, zinapita chini na zina haraka. Moja inashika neno la Lokuruka, na kabla haijazama upande wa Uganda nyingine imeshalipokea, kama tunavyopokezana ndoo kisimani kutoka kwa aliye chini hadi aliye juu. Dishi kazi yake ni kutazama anga tu. Likiona anga, kila kitu kinakwenda.

Mama, mimi nami nina hasira. Usidhani mshahara umeipoza. Nabei alinibeba mgongoni, na mtu aliyemwambia kesho anauza bando kupitia mikono yangu, na ananiandikia ujumbe ofisini, "habari dada, nisaidie." Siku nyingine natoka nje kwanza, napumua, ndiyo narudi kumjibu.

Lakini nyama ile mimi niliila. Nilikuwa nimetoka Lodwar bila kula, nikapewa kipande, nikameza kabla sijafikiri. Sasa nikimdhuru, laana inanirudia mimi.

Ila kumchezea kidogo sidhani ni kudhuru. Jumapili kuna mechi kubwa. Nasikia ameweka viti na skrini, na amewaalika watu hadi wa Kalobeyei. Sikiliza tu watakavyopiga kelele.

Mwanao,
Akoru

*

Kakuma
9 Februari 2025

Akoru wangu,

Ejok? U mzima? Dawa ya goti ni kali, ninanuka kama zahanati, lakini natembea. Mvua hakuna. Maji tunachimba laga yenyewe, mchanga hadi kiunoni.

Mwanangu, nimecheka mpaka nikakaa chini. Mpira umechezwa, watu wamejaa, wa Kongo, wa Sudani, Waturkana, wote wamebanana. Yule mchezaji akapokea mpira, akakimbia nao, akafika karibu kabisa na goli, skrini ikaganda. Mtu ameinua mguu na mguu haushuki. Lokuruka akapanda juu ya paa na ufagio, akalifagia dishi. Akashuka, akapanda tena. Gatdet, yule mrefu wa Sudani Kusini, akamwambia, "Rudisha pesa yetu ama tunabeba viti." Wakabeba viti. Nimemwona mmoja anakalia chake hadi leo.

Na jioni za baadaye pia, kila watu wakishaunga, puu, imekatika. Nikajua ni wewe. Nikawa nakaa mlangoni na kahawa yangu nikingojea, kama watu wa mjini wanavyongojea taarifa ya habari.

Lakini Akoru, kicheko kikiisha kaburi la Nabei lipo pale pale. Yeye amepoteza viti.

Sikia ninachotaka sasa. Mke wake mdogo ni Shalom, yule Mrundi aliyelelewa kambini Kalobeyei. Ana mimba. Nimehesabu kwa macho yangu ya uzee, na itafika na mvua. Mvua ikija laga itajaa, na laga ikijaa mnara wa simu utakufa kama kila mwaka. Itabaki dishi lake. Siku hiyo ndiyo ninayoitaka. Ukisikia Tarach imejaa, bonyeza, na usifungue mpaka maji yapungue. Hiyo tu. Nataka agonge mabati ya dunia nzima na dunia nzima imwambie kesho.

Dawa ya moto ni moto. Mimi sikumeza nyama, kwa hiyo laana iandikwe kwangu. Wewe utakuwa umetumwa na mama yako, na mtoto anayetumwa hana kosa.

Mama yako

*

Lodwar
23 Februari 2025

Mama,

Natumai u mzima. Mimi nimekuwa silali vizuri tangu barua yako ifike, na si joto.

Nimeisoma mara nyingi. Mara ya kwanza, sitakuficha, moyo wangu ulisema ndiyo. Niliiona siku hiyo yote, nikamwona Lokuruka kwenye matope, na nikafurahi. Baadaye ndipo nikamwona mtu aliyelala ndani ya nyumba, na hakuwa Lokuruka.

Shalom alitufanya nini? Nabei alipokufa, yeye alikuwa hajaolewa hata. Nakumbuka Krismasi alikuja kutusalimia na chapati, akasema kile Kiswahili chao, "Mama, munaamuka muzima?" Nawe ukamjibu vizuri, na chapati ulikula.

Nitamkatia Lokuruka mpira mwaka mzima ukitaka. Nitamfanya apande paa mpaka ngazi imchoke. Ila hilo unalolitaka sitalifanya. Si kwa sababu ya laana tu. Unamtaka Nabei mwingine, Mama, na sisi tumeshazika mmoja.

Usinikasirikie sana. Nimempa Santino sukari.

Mwanao,
Akoru

*

Kakuma
16 Machi 2025

Akoru,

Sukari imefika. Goti halijambo.

Umeandika vizuri. Shule ilikufaa. Mimi shule yangu ni gumbaru, nilifunzwa kuandika nikiwa na mvi, kwa hiyo sina maneno mazuri ya kukujibu. Nilikuzaa, nikakunyonyesha titi lile lile alilonyonya dada yako, na leo unanipimia nani anastahili kulia na nani hastahili. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, ndivyo walivyosema waliotutangulia. Lokuruka alipomfungia Nabei hakuuliza Nabei amemfanya nini.

Habari za huku ni hizi. Lokuruka amechoka kupanda paa. Amekwenda Lokiriama akamleta emuron, mzee mwenye kuota ndoto, amwambie nani amemfungia anga. Mzee akalala siku mbili kwa Lokuruka akila nyama. Akaamka akasema kuna jicho baya linaliangalia dishi. Mbuzi mwekundu akachinjwa. Wakapanda juu ya paa, mzee anasukumwa matako na vijana, wakalipaka dishi lote: mafuta ya mkia wa kondoo kwanza, kisha yale majani ya tumboni, kisha udongo mwekundu wa kubarikia, mzito kama wa kukandika nyumba. Sasa linang'aa kama binti wa kuolewa.

Na jioni ile mtandao ukarudi, na haujakatika tena. Lokuruka amechinja mbuzi wa pili kumshukuru mzee. Kila Jumamosi sasa anapanda mwenyewe kuongeza udongo na mafuta.

Nakuuliza mtoto wangu mwenye shule. Aliyefungua ni nani, Akuj wa mbinguni au wewe?

Mama

*

Lodwar
25 Machi 2025

Mama yangu,

Ejok? Najua umekasirika, umeandika "Mama" bila "yako". Nimeiona.

Ni mimi niliyefungua. Meneja alianza kuuliza kwa nini dishi moja la Kakuma linakatika saa za mpira tu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa namna hiyo. Nikafungua nikatoa mkono. Sikujua kwamba siku hiyo hiyo emuron alikuwa juu ya paa. Nilipoisoma barua yako nilicheka, kisha nikaangalia mashine na kicheko kikakatika.

Nisikilize kwa makini. Dishi hilo linaishi kwa kuona anga. Udongo ukiwa mkavu, mawimbi yanapita kwa shida, na ndiyo maana linafanya kazi, ingawa nukta yake siku hizi naiona ya manjano. Udongo ukilowa hautapitisha kitu. Siku ya mvua dishi hilo litakuwa kipofu, na mvua haitaliosha, kwa sababu chini kuna mafuta yameshika. Na kila Jumamosi anaongeza. Mimi hapa sina kitufe cha kuosha udongo.

Nimempigia simu kama ofisi. Nikamwambia, "Bwana Lokuruka, osha dishi kwa maji ya moto na sabuni." Akanicheka. "Nyinyi watu wa kompyuta mlishindwa, mzee amekuja na mbuzi moja tu, kitu imefanya. Sasa mnataka nitoe dawa ndio mniuzie ingine." Akakata. Nimempigia tena hashiki.

Hatanisikia mimi. Lakini wewe upo hapo. Mwambie, au mwambie Shalom, maji ya moto, sabuni, kitambaa, basi. Sikuombi umsamehe. Mchukie mpaka siku utakayokufa, nitakusaidia. Ila mwambie kabla mvua haijaja.

Ni mimi niliyemtia wazimu mpaka akaita emuron. Likitokea jambo, limetoka kwangu.

Mwanao anayekupenda,
Akoru

*

Kakuma
22 Aprili 2025

Akoru mwanangu,

Mimi mzima. Natumai nawe. Mbuzi wamezaa, mmoja mapacha.

Barua yako nimeipata na nimeielewa. Maji ya moto, sabuni, kitambaa. Sijamwambia.

Shalom alikuja juzi. Tumbo limeshuka, anatembea ameshika kiuno. Alinikuta nimenyoosha mguu akachukua dawa yako mwenyewe, bila kuulizwa, akakaa chini akanichua goti. Mikono yake ina nguvu. Akaniambia mama yake mzazi, Benita, yuko Kalobeyei na anaogopa kujifungua bila yeye. "Mama, siku yangu ikifika utakuya?" Nikasema nitakuja. Maneno ya dishi yalikuwa mdomoni, Akoru. Yalikuwa yamefika kwenye meno. Kisha Lokuruka akamwita kutoka dukani, kwa sauti ile ile niliyoisikia nyuma ya mabati, na maneno yakarudi yalikotoka.

Huna haja tena ya kubonyeza. Amejifungia mwenyewe, kwa mikono yake, na mbuzi wake, na furaha yake. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo kazi ya Akuj, si ile ya emuron. Mimi nimenyamaza tu. Kuna sheria gani inayomlazimisha mama mfiwa kusema?

Huku upande wa Uganda kunapiga radi jioni.

Mama yako

*

Lodwar
29 Aprili 2025

Mama,

Sina salamu ndefu. Nimekupigia simu tangu jana, haipatikani. Kuna mawingu milima ya Loima na mteja wetu wa Lokiriama ameniambia kwao imeshaanza.

Mwambie. Nakuomba kama mtoto anavyoomba maji. Nimeomba ruhusa, nakuja Ijumaa na sabuni yangu mwenyewe, nitapanda paa hilo nikiwa na sketi ya ofisi. Lakini kama mvua itanitangulia, usiningoje. Nimempa Santino barua hii akiwa tayari ameshawasha lori.

Hukumeza nyama, sawa. Basi fanya kwa ajili yangu mimi niliyemeza.

Akoru wako

*

Kakuma
25 Mei 2025

Akoru mwanangu,

Ejok? Nimesikia kutoka kwa Santino kwamba gari lenu lilirudishwa na maji siku ile, na kwamba ulilala njiani kisha ukarudi Lodwar kwa sababu laga zote zilikuwa zimejaa. Namshukuru Akuj hukujaribu kuvuka. Barua yako ya mwisho ilikaa kwenye lori lake lililokwama, na ikanifikia mambo yamekwisha. Nimechelewa kukujibu. Nilikuwa naanza, naacha.

Umesikia ya watu. Nitakuandikia yangu, kama nilivyokuandikia ya Nabei, bila kuipunguza.

Mvua ilinyesha Alhamisi mchana kutwa. Tarach ikajaa, ikabeba miti mizima na mbuzi wa watu. Mnara wa simu ukafa, kama nilivyosema. Ijumaa asubuhi walikuja kuniita, Shalom ameshikwa. Nilikwenda, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi. Nikamwona, na nikaona damu, na nikaijua damu hiyo. Akanishika mkono akasema, "Mama, umekuya." Sikukaa. Nikamwachia mkono nikarudi nyumbani kwangu nikakaa mlangoni, na mvua inaendelea.

Lokuruka alikuwa juu ya paa. Dishi lina umeme, taa inawaka, ila mtandao hakuna. Unajua alichofanya? Aliongeza udongo. Alishuka, akachukua mafuta na udongo, akapanda na mvua, akapaka tena, huku analia na kumwita yule mzee wa Lokiriama aliyekuwa mbali na nyama yake tumboni. Mimi namwangalia. Kahawa yangu ilikuwa mkononi.

Kisha akaja kwangu. Hakuja kwa sababu anajua ninachojua. Alikuja kwa sababu aliamini nimemloga. Alipiga magoti kwenye matope mbele ya mlango wangu wakati kengele ya shule inalia watoto waende kula, na watu wakamfuata, wakajaa. Akasema, "Mama, najua ni wewe umefunga. Fungua. Mtu anakufa."

Akoru, ningeweza kusema maji ya moto na sabuni. Ni maneno matano. Nilimwambia, "Sema jina lake."

Akasema, "Shalom." Nikasema huyo simwulizii. Akaniangalia, akaelewa, akasema, "Nabei." Hajawahi kulitamka, unajua? Mbele ya wazee alikuwa anamwita yule mama. Nikamwambia sema ulichomjibu mama yake. Akasema. Nikamwambia sema ulikuwa unafanya nini mle ndani. Akajifuta matope usoni. Nikainua kikombe nikanywa. Akasema, "Network ilikuwa on. Nilifungia nyinyi tu. Mimi nilikuwa naangalia sinema kwa simu."

Watu wakaguna. Gatdet akatema mate. Na walikuwepo waliofika nyuma, ambao hawakusikia, kwa hiyo nikamwambia arudie. Akarudia yote tangu mwanzo, jina, kesho, sinema, machozi na kamasi vinaingia mdomoni. Sikudanganyi, mwanangu, kulikuwa na utamu. Tangu Nabei afe sikuwahi kuonja kitu kikawa na ladha, na maneno yale yalikuwa na ladha. Nilitaka yarudiwe mara ya tatu, na nilikuwa naanza kumwambia.

Ndipo mwanamke mmoja akaja mbio kutoka kwa Shalom. Alinitazama mimi tu. Nikainuka. Birika la kahawa lilikuwa bado jikoni, nikalibeba, nikachukua sabuni ya kufulia na kitenge changu. Nilipanda ngazi na goti hili. Niliosha dishi hilo kama ninavyomwosha mtoto, na mafuta hayataki kutoka, nikayakwangua kwa kucha. Watu wa chini walidhani natoa uchawi wangu. Wengine mpaka leo wanadhani hivyo, na sijawasahihisha.

Lilipopata anga, simu za watu wote pale chini zililia pamoja. Lokuruka akapiga hospitali. Ambulensi ikafika ng'ambo, vijana wakafunga kamba, wakamvusha Shalom juu ya mlango wa mabati, ule ule wa duka, wameung'oa. Mtoto alikuwa ameshatoka, msichana, mzima, analia. Shalom alifika ng'ambo akiwa anapumua. Hakufika geti la hospitali.

Mtoto yuko Kalobeyei kwa bibi yake Benita. Nilikwenda kutoa pole. Benita alinikumbatia, akanishukuru kwamba ni mimi niliyepanda juu ya paa, akaniwekea mtoto mapajani. Nilimshika. Nikashindwa kumtazama usoni.

Lokuruka amelifunga duka. Tukikutana njiani ananiamkia na kuinamisha kichwa, kama mtu aliyelipa. Nilichokuomba mwezi wa pili nimekipata chote, mwanamke kwa mwanamke, hata kidole chako hakikuhitajika. Nilidhani nikikipata nitalala.

Lililobaki ni hili, ndilo nililokuwa naanza kuliandika na kuliacha. Muuguzi alimwambia Benita kwamba walichelewa kidogo. Alisema hivyo, kidogo. Wewe una mashine inayojua dishi lile liliona anga saa ngapi. Na kengele ya shule kila mtu anajua inalia saa ngapi. Katikati ya hapo ndipo nilipokuwa mimi na kikombe changu, na daktari yeyote ukimpa nyakati hizo mbili atakuambia kama dakika za katikati zingetosha kumwokoa Shalom.

Usimwulize daktari. Lokuruka akija ofisini kwako kuuliza, usimwambie. Na mimi, Akoru, najijua, iko siku nitapanda lori la Santino nije nikae mbele ya hiyo kompyuta yako nikuombe, na nitalia. Hata nikilia, usiniambie.

Mama yako